Kanda za baridi: kuifuata namba au kuivuka kidogo?

MtiniMmoja: Ramani ya kanda ya Wizara ya Kilimo ya Marekani inaniweka 6b (namba ndogo ni baridi zaidi, na kila kanda ina nusu mbili: a yenye baridi zaidi, na b): usiku wa baridi kuliko yote kwa mwaka huwa, kwa wastani, kati ya nyuzi -20.6 na -17.8 za Selsiasi. Natamani mtini ulioandikwa kanda ya 7 na rozmari ya kanda ya 8. Niachane nayo, niipande kando ya ukuta wenye jua, au niiweke kwenye vyungu?

MamaMiche: Mtini, ukutani bila kusita. Namba hiyo ni wastani wa miaka 30 wa eneo zima, haijui kona za bustani yako. Ukuta wa matofali unaotazama kusini hufyonza joto mchana na kulitoa usiku. Usipande tu chini ya mteremko, maana hewa baridi ni nzito na hutuama huko. Rozmari ina shida nyingine: maji yakituama kwenye mizizi wakati wa baridi, huoza hata kama kanda inairuhusu. Inua tuta, changanya kokoto.

UdongoMwepesi: Chungu kinachoachwa nje hakikusogezi kwenye kanda ya joto, kinakurudisha nyuma. Ardhini mizizi imekingwa na udongo. Kwenye chungu baridi inaifikia pande zote. Kwa vyungu vya kubaki nje, wengi huchagua mimea inayohimili kanda mbili za baridi zaidi. Faida yake ni kwamba unaweza kukiingiza ndani. Rozmari yako ningeilea hivyo.

BiKitalu: Mmejadili baridi ya kupindukia peke yake. Kanda haisemi lolote kuhusu joto la kiangazi wala tarehe ya jalidi (umande ulioganda) ya mwisho kabla ya msimu wa kupanda. Seattle, yenye kiangazi cha joto la wastani, na sehemu za kaskazini mwa Florida, zenye kiangazi cha joto kali, zote zimo kanda ya 9, lakini jaribuni kupanda bustani ileile pande zote mbili! Tena ukuta wenye joto huamsha machipukizi mapema, kisha jalidi ya usiku mmoja inayachoma. Mipichi ndiyo huumia sana.

MamaMiche: Kwa mipichi nakubali kabisa. Kwa mtini kuna njia: chagua aina ya Chicago Hardy, weka matandazo mazito shinani. Matawi yakifa hadi ardhini, mizizi huchipua tena, na aina hiyo huweza kuzaa kwenye matawi mapya mwaka huohuo.

MtiniMmoja: Nimeshawishika. Ila ramani ya 2012 iliniweka 6a, ya 2023 ikanipandisha. Niiamini hiyo nusu kanda?

UdongoMwepesi: Takriban nusu ya Marekani ilipanda hivyo. Inategemea unapanda nini. Kwa maua na vichaka vidogo, itumie. Kwa mti wa kivuli unaotarajia uishi miaka 50, chagua unaohimili kanda ya 5, kwa sababu wastani hauzuii usiku mmoja wa baridi kali kuliko kawaida, na mti huo utakutana nao.