Tupeane uzoefu: nani hapa ung'eng'e wake mgumu kautoa kwenye muvi na sizoni za anga?

Kaka Mkubwa
Wakuu habari za jioni. Jana dogo wangu karudia Interstellar kwa mara ya ngapi sijui, ikafika pale wanashuka sayari ya maji ambako saa moja ni miaka 7 ya duniani, akaanza kunichambulia kwa Kiingereza kilichonyooka kwamba wangelijua mawimbi yale yapo wasingelishuka. Dogo wa shule ya kata huyu, tuisheni hajawahi kwenda. Simaanishi Kiingereza cha salamu, namaanisha kile cha kuelezea kitu kigumu mtu akaelewa. Leteni zenu.

Chuma cha Pua
Naunga mkono hoja.

Mkenya Mtulivu
Huku Kenya tulikuwa na DJ Afro, nanyi mlikuwa na Lufufu, wale wa kutafsiri muvi kwa Kiswahili. Ukizoea hao Kizungu utakisikia wapi, ni yeye anaongea mwanzo mwisho na nusu ya stori ni yake.

Mtoto wa Kibanda Umiza
Lufufu muache kabisa. Bila yeye tungeangalia picha zinatembea tu.

Mzee wa Drip
Ngoja niwasimulie. Nilikuwa naomba masters nje, mambo ya umwagiliaji, fomu zikapita ikabaki intavyuu ya Zoom. Kipindi chote hicho nakomaa na The Martian ya 2015, Matt Damon kaachwa Mars analima viazi. Kilichonibamba, anaongea na kamera kama anaongea na wewe, tatizo hili, nina hiki na hiki, maji hayatoshi nitayatengeneza, na kweli anayatengeneza mpaka yanamlipukia. Nikawa nasimamisha hapo, naelezea mimi, halafu naachia nisikie yeye kasemaje. Wife akajua nimechanganyikiwa.

Sasa siku yenyewe, juu koti chini bukta, wazungu watatu kwenye skrini, mmoja ndo ananiuliza wakulima wadogo watapataje maji kiangazi, UMEME UKAKATA. Waifai kwaheri. Nikarudi kwa simu, bando lenyewe la kuungaunga, wife kanimulika tochi usoni kama nahojiwa polisi. Yule mama akasema tunaweza kuahirisha, nikagoma. Nikajiambia we hapa uko Mars. Nikaanza, tatizo hili, nilicho nacho hiki, kikifeli nafanya hivi, bwawa, bomba, mteremko, maji tone kwa tone kwenye shina, mtoto anagonga mlango anataka uji mi nasonga tu. Nilipomaliza kimya. Mzee wa pembeni akacheka, akauliza hivi umejifunzia wapi kuelezea namna hii, nafungua mdomo nimjibu, bando likaisha.

Chuma cha Pua
Ukapata???

Dada Tausi
Aisee nimeacha maharage jikoni yanaungua. Ulipata?

Mtoto wa Kibanda Umiza
Huyo Matt Damon hata Interstellar kakutwa peke yake sayarini. Jamaa kwa kuachwa hajambo 😂

Karani Mstaafu
Vijana, tafuteni Star Trek ile ya 1987 hadi 1994. Kapteni Picard ni Patrick Stewart, mtu wa Shakespeare jukwaani, kila silabi unaisikia. Mimi kwake nilichukua namna ya kumkatalia bosi kwenye barua bila kumvunjia heshima.

Mkenya Mtulivu
Ukiongea hivyo leo watadhani unasoma hukumu, mzee wangu.

Fundi Simu
The Expanse kaeni mbali. Wale watu wa kwenye asteroidi lugha yao imebuniwa, Nick Farmer kachanganya lugha kibao. Mshkaji wangu kakariri sizoni nzima akijua ni Kiingereza cha Jamaica.

Dada Tausi
Unapotosha watu. Avasarala wa UN mle anaongea siasa ya kiwango. Tatizo lake matusi tu, ukiwa na wazazi sebuleni shika rimoti.

Chuma cha Pua
Toeni sabutaito, ndo dawa.

Fundi Simu
Usitoe! Weka, ila ya Kiingereza. Ukitoa unabaki kuangalia roketi.

Mtoto wa Kibanda Umiza
Oa mzungu, mchezo umeisha.

Mzee wa Drip
Nimerudi wakuu, nilikuwa shamba. Hiyo ya Picard kwa hapa Moro nani anaweka kwenye flashi?

Dada Tausi
Hatukupi flashi mpaka useme ULIPATA AU HUKUPATA.