Wamasai watatu, mbuyu na jua linazama: hivi nchi hii haina kingine cha kuchorwa?

Wakuu, nimeandika nikiwa na hasira, mtanisamehe. Mods, msiuhamishie uzi huu jukwaa la utani.

Jana hoteli moja hapa Dar imenirudishia picha nne. Waliagiza wenyewe, tena kwa kusisitiza: "maisha ya asili ya Mtanzania". Nikachora ninachokijua. Kina mama wa kwetu Machame, mlimani Kilimanjaro, wanamenya ndizi mbivu za mbege (pombe yetu ya ndizi), ulezi uliooteshwa umeanikwa mkekani, kuku anaunyemelea, mtoto analamba mwiko. Meneja akaitazama weee, halafu: "Kaka, mgeni akiona hii atajuaje yuko Afrika? Tuwekee Wamasai watatu, mbuyu, jua linazama."

Sina ugomvi na Wamasai. Ugomvi wangu ni kwamba kwenye picha hizo hakuna Mmasai hata mmoja! Kuna shuka jekundu juu ya vijiti viwili, shingo ya twiga, na kichwa cheusi kisicho na macho wala pua. Mlinzi wetu wa getini ni mtu wa Simanjiro, Mmasai mwenyewe. Nikamwonyesha moja kwenye simu, akacheka mpaka akaegemea ukuta. "Sasa hawa wanaenda wapi bila ng'ombe?" Mchoraji hakuwahi kujiuliza hilo, mnunuzi ndiyo kabisa.

Na mtu asiniletee hapa hoja ya "wageni ndivyo wanavyotaka". Mwaka 1956 Sam Ntiro, Mchaga, alichora wanaume wakimpelekea bibi harusi pombe ya ndizi usiku. Picha hiyo iko kwenye Jumba la Sanaa ya Kisasa la New York. Pombe ileile ya ndizi! Wageni wa New York waliielewa, ila meneja wa hapa, ambaye nina hakika ameshainywa kwenye harusi za watu, anasema haieleweki. Ntiro alisomea Makerere, akaenda chuo cha sanaa cha Slade kule London, akarudi akiendelea kuchora watu wa mlimani migombani mwao. Hakuna aliyemlazimisha kuchora mbuyu.

Tingatinga naye tumemfanyia nini? Edward Saidi Tingatinga, mtu wa Tunduru, alianza kuchora mwaka 1968 na hadibodi na rangi ya kupaka baiskeli. Mwaka 1972 akauawa kwa risasi za polisi. Miaka minne tu! Leo jina lake limekuwa jina la bidhaa. Niliwahi kusimama kwenye banda moja la vinyago nikahesabu picha kumi na moja zinazofanana hadi ndege aliyekaa tawini.

Na kabla hamjanirukia: ndiyo, mimi pia nimeshachora hao Wamasai wasio na nyuso. Nyingi tu. Kodi ya nyumba hailipwi kwa mbege. Ndiyo maana agizo hili nililifurahia kama mtoto, nikasema hatimaye kuna mtu anataka kuona kwetu.

Sasa picha nne zimegeuziwa ukuta hapa sebuleni. Kitambaa na rangi nilinunua kwa hela yangu, malipo ya awali sikupewa, na makubaliano yote yako WhatsApp. Mwenye uzoefu wa kumdai mteja wa namna hii aje anielekeze. Nyie wa "ungechora tu Wamasai", piteni kushoto.