Hamburg wamepanda. Msimu huu wa 2025/26 daraja la pili Ujerumani nishike timu gani?

Mwana Mikindani

Salaam wadau. Nina banda la kuonyesha mpira hapa Chikongola, Mtwara, na kuna jambo linanikaa rohoni tangu Mei.

Miaka saba nimeishabikia Hamburg ikiwa daraja la pili. Marehemu mjomba wangu alikuwa baharia, na skafu yao ya bluu ndiyo zawadi aliyoniletea kutoka bandari ile. Waliposhuka 2018, mara yao ya kwanza tangu Bundesliga, ligi kuu ya Ujerumani, ianze 1963, wateja walinishauri nihamie Bayern. Nikakataa. Sisi tuliokaa jukwaani Nangwanda Sijaona mpaka timu yetu ya Ndanda ikashuka tunajua timu haiachwi kwa sababu hiyo.

Siku iliyonichoma kuliko zote ni ile ya Mei 2023. Hamburg wameshinda kule Sandhausen, mashabiki wamejaa uwanjani, watu wazima wanakumbatiana wakilia kwa furaha. Kumbe Regensburg mpira bado unaendelea. Heidenheim, waliokuwa wanagombea na sisi nafasi ile ile ya kupanda, walikuwa nyuma 2-1. Dakika ya 93 penalti, 2-2. Dakika ya 99 wakapachika la tatu. Nilikuwa nimeshika simu mkono mmoja na rimoti mkono mwingine, nikaona kwenye skrini furaha inakatika, mmoja mmoja anainamia simu yake. Heidenheim wakapanda, Hamburg wakaenda mchujo wa kuwania kupanda, na Stuttgart wa Bundesliga akawapiga 3-0 na 3-1. Wateja walipoondoka sikuwasha taa. Nilikaa tu pale kwenye benchi hadi mke wangu akaja kunifuata.

Tarehe 10 Mei 2025 wakaifunga Ulm 6-1, wamerudi Ligi Kuu. Nimelala na skafu siku hiyo.

Sasa swali. Hamburg nitaendelea kuwafuata huko juu, lakini ligi yenyewe ya daraja la pili nimeshaizoea na siwezi kuiacha. Msimu wa 2025/26 unafunguliwa Ijumaa tarehe 1 Agosti, Schalke na Hertha. Nishike timu gani? Nani mnamwona anapanda? Na anayejua saa za mechi kwa saa zetu aniandikie, nataka kuzibandika mlangoni.

Binti Ruangwa

Kaka, pole na hongera kwa pamoja. Shika Elversberg.

Ni kamji kadogo tu, watu kama elfu kumi na tatu. Mwaka 2022 walikuwa daraja la nne. 2023 wakapanda daraja la pili kwa mara ya kwanza, na msimu uliopita wakashika nafasi ya tatu, nyuma ya Köln na Hamburg wako. Kwenye mchujo na Heidenheim waliongoza 2-0 ugenini, zikaisha 2-2. Marudiano kwao, 1-1, watu wanasubiri muda wa nyongeza, dakika ya 95 wakafungwa. Hao Heidenheim tena! Maumivu yako ya 2023 wao wanayo mapya kabisa.

Mimi nimezaliwa Ruangwa. Timu yetu ya Namungo ilipopanda Ligi Kuu 2019 kuna waliosema hata msimu haitamaliza. Mwaka 2021 ikacheza makundi ya Kombe la Shirikisho Afrika. Kwa hiyo timu ya mji mdogo ikinyanyuka mimi damu inanisisimka, siwezi kuficha. Tatizo ni kwamba kocha wao Horst Steffen amechukuliwa na Werder Bremen, na Asllani, mfungaji wao, alikuwa wa mkopo, amerudi Hoffenheim. Msimu utakuwa mgumu. Ndiyo maana wanahitaji watu.

Mzee wa Mtanda

Mwanangu, mimi niko Lindi na nitakwambia Hertha Berlin. Kati ya 1909 na 1913 Wajerumani walichimba mifupa ya mjusi mkubwa pale Tendaguru. Babu zetu ndio waliochimba, na ndio walioibeba vichwani kwa siku kadhaa hadi bandarini Lindi. Leo mjusi yule amesimama Berlin, urefu wake kwenda juu unapita mita 13, watu wanalipa kiingilio kumwona. Kitu chetu kiko kwenye mji ule. Nikiiona Hertha inacheza Olympiastadion namkumbuka yeye, na nataka siku moja mjukuu wangu aende akawaone wote wawili.

Mwana Mikindani

Shikamoo mzee wangu. Habari ya Tendaguru imenigusa na nitawasimulia vijana bandani. Ila Hertha unisamehe. Mchujo wa 2022 Hamburg walishinda 1-0 Berlin, halafu hao Hertha wakaja kutufunga 2-0 nyumbani kwetu. Moyo haujakubali.

Mzee wa Mtanda

Marahaba. Hiyo naielewa, mwanangu.

Mkorosho wa Masasi

Saa hizi hapa, andika. Ijumaa saa moja na nusu usiku. Jumamosi saa nane mchana, na nyingine moja saa tatu na nusu usiku. Jumapili saa nane na nusu mchana. Ile ya ufunguzi tu ndiyo Ijumaa saa tatu na nusu. Mwisho wa Oktoba wenzetu wanarudisha saa nyuma, basi kila kitu unaongeza saa moja. Wakati huo minada ya korosho imeanza, watu wana hela mfukoni, banda litajaa.

Timu ni 18, mechi 34. Wawili wa juu wanapanda moja kwa moja, wa tatu anacheza mchujo na wa 16 wa Bundesliga. Wamekuja Bochum na Kiel kutoka juu, Dresden na Bielefeld kutoka chini. Hao Bielefeld msiwapuuze: wakiwa daraja la tatu wamemtoa Leverkusen nusu fainali ya Kombe la Ujerumani, wakafungwa na Stuttgart 4-2 fainali.

Mimi ni Schalke. Timu ya wachimba makaa, njia yao ya kuingilia uwanjani imejengwa kama shimo la mgodi. Msimu uliopita walimaliza wa 14, hawajawahi kuwa chini hivyo, na bado uwanja ulikuwa unajaa watu zaidi ya elfu sitini. Wamemleta kocha mpya, Miron Muslić. Kupanda sijui, ila Bochum naona watasumbuka, wanaotoka juu huwa wanadhani njia ya kurudi ni fupi. Hamburg wako wameijua kwa miaka saba.

Mwana Mikindani

Ahsante sana, ratiba nimeshaiandika kwa maka nyekundu. Dada wa Ruangwa umenishinda, nachukua Elversberg, ile dakika ya 95 siwezi kuipita nikakaa kimya. Wa Masasi, ukishuka mjini pitia Ijumaa tarehe 1, nitakuwekea kiti cha mbele uitazame Schalke yako. Na ukilala hapa hapa, Jumamosi Taifa Stars wanafungua CHAN na Burkina Faso, saa mbili usiku.