Kikundi chetu cha mwani kimechanganya wanawake na wanaume: pwani mawazo tele, mkutanoni kimya. Tufanyeje?

BintiKiuyu:
Assalaam aleykum ndugu zangu. Mie niko Kiuyu, Pemba, katibu wa kikundi cha kina mama wa mwani. Tulikuwa kumi na wanne, wa kijiji kimoja, na sabuni ya mwani tulifundishwa na mwalimu mmoja. Basi miaka sita tunatoa sabuni ile ile, ya karafuu na ya mchaichai, tunaimimina kwenye kasha la mbao, tunakata kwa kisu.

Mwaka jana kotonii, aina ya mwani tunaopanda, ilitufia tena kwa joto la maji. Tukaambiwa tupande kilindini, na huko hakwendeki kwa miguu, wala wengi wetu hatujui kuogelea. Ndiyo tukawaingiza wavuvi wawili wenye dau. Tukampokea na dada mmoja wa Lindi aliyeolewa hapa.

Yule mvuvi mtu mzima alikaa siku nzima akitutazama tunavyofunga mbegu kwa taitai, vile vikamba vyembamba, moja moja. Hakusema kitu. Kesho yake kaja na kipande cha wavu mkuukuu, kaushona kwa sindano yake ukawa kama foronya, lakini ndefu, akatia mbegu ndani. "Sasa wimbi litavunja nini hapa?" Sisi tukamwambia matundu makubwa, mwani mchanga utapenya. Akarudi na wavu wa matundu madogo. Kwa hiyo wazo lile nusu lake, nusu letu. Na dada wa Lindi, alipoona sabuni zetu zinamegeka pembe, akaomba paipu ya bomba, akaikata, akamimina humo. Zimetoka za duara, hazina pembe ya kumegeka.

Lakini yote hayo yametokea pwani na jikoni. Tukikaa mkutano barazani, wanaume wawili ndio wanaosema, kina mama tunatazama mkeka. Hata mie naandika tu. Na dada wa Lindi mara ya kwanza alipofungua mdomo watu walimcheka lafudhi yake, tangu hapo akiwa na neno ananinong'oneza mie. Mwenyekiti anataka wanaume watoke. Roho yangu haitaki, maana ule wavu nimeuona kwa macho yangu. Waliopitia haya wanisaidie.

MamaPaje:
Waaleykum salaam mdogo wangu. Huku kwetu mashariki ya Unguja mwani wa biashara ulianza 1989, nami nimeufunga nikiwa na mwanangu wa kwanza mgongoni. Sitakuficha. Kikundi changu cha mwanzo kiliwakaribisha wanaume kwa sababu kama yenu, chombo cha kwendea baharini. Mawazo yalikuja kweli. Zilipokuja fedha za mafunzo, aliyeitwa mjini akawa mwanamume ambaye hajafunga hata taitai moja, na wazo alilokwenda kulieleza lilikuwa la shoga yangu. Tangu siku ile yule shoga hakusema tena kitu kikundini.

Kwa hiyo kabla ya yote, maliza habari ya fedha na majina. Sanduku letu sasa lina kufuli tatu, funguo kwa watu watatu, wawili wao wanawake. Na daftari linaandikwa nani kaleta wazo gani.

Mstaafu_Wete:
Mwanangu, mimi nimesomesha skuli miaka mingi, nakujibu kwa habari ya Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu. Watu husifu sauti yake tu. Huyu alitoka Fumba, muuza vyungu, akaimba na wapigaji wanaume. Taarabu ya jumba la Sultani ilikuwa ya Kiarabu, wao wakaiimba Kiswahili, na 1928 wakenda Bombay kurikodi. Nyimbo zilipatikana vipi? Walikuwa wakikutana nyumbani kwake Ng'ambo, wakizungumza yaliyotokea mjini, nani kaonewa, nani kapelekwa mahakamani, na wimbo ukatoka humo humo mazungumzoni.

Tazama hapo: nyumbani kwake. Wanaume ndio waliokuwa wageni. Nyinyi mmeupeleka mkutano barazani, na baraza kwetu ni kikao cha wanaume tangu babu zetu. Mwanamke akikaa pale huvuta mtandio mpaka mdomoni. Urudisheni kwenye banda la mwani, kazi ikiwa mikononi.

Mwanafunzi_Tunguu:
Shikamoo mwalimu. Kuna utafiti unaokuunga mkono. Mwaka 2010 Anita Woolley na wenzake, Marekani, walitoa katika jarida la Science matokeo ya watu 699 waliopewa kazi katika vikundi vidogo. Akili ya mtu mmoja mmoja haikusaidia sana. Vilivyofanya vizuri ni vikundi vya watu wanaosoma hisia za wenzao, wanaopokezana kusema bila mmoja kuhodhi, na vyenye wanawake wengi zaidi. Dada BintiKiuyu, wanawake mnao, mgeni mnaye. Lililokosekana ni zamu. Anza na dada wa Lindi, wavuvi wamalizie.

BintiKiuyu:
Ahsanteni sana. Bamvua ya juzi tulikutana bandani, tumekaa chini, kila mtu na kamba yake mapajani. Nilianza na dada wa Lindi, sauti ikimtetemeka. Kasema unga wa mwani tusiusage mpaka ukalainika, ubaki na chenga, tutoe sabuni ya kusugulia nyayo za watu wanaoshinda pwani peku kama sisi. Aliyemwomba arudie ni mwenyekiti mwenyewe, akainua mguu akatuonesha kisigino kilivyopasuka. Yule mvuvi mtu mzima alikuwa anashona wavu, kanyamaza mpaka zamu yake ikafika, ndipo akauliza kama itawafaa wavuvi kutoa harufu ya samaki mikononi. Nimeyaandika yote mawili, na majina yao.

Wanaume wanabaki kwa msimu huu. Kufuli mbili tunazo, ya tatu nainunua Jumamosi Wete. Mwenye kujua paipu ya inchi tatu inauzwaje Chake aniambie, tunahitaji futi kumi.