Mnaandika hadithi mkisikiliza muziki, au kimya?

Kalamu_Nyeusi:
Wakuu, habari zenu. Naandika riwaya. Nikiwa nasimulia mandhari, muziki unanisogeza vizuri tu. Shida inaanza wahusika wakifungua midomo. Nina sura ambayo binti anamkabili mama yake kuhusu barua iliyofichwa. Nilipoisoma upya, binti anajibu kwa vina, mizani ileile ya kiitikio kilichokuwa masikioni mwangu! Nikizima, nasikia kila mlango unaofungwa jirani. Nyie mnafanyaje?

Msimulizi77:
Mimi bila muziki kabisa. Mazungumzo huwa nayatamka kwa sauti, kwa hiyo hakuna nafasi.

BintiRiwaya:
Mkuu, kinachokuvuruga ni maneno ya wimbo. Mwaka 1974 wanasaikolojia Baddeley na Hitch walieleza kwamba kumbukumbu ya muda mfupi ina sehemu yake ya kushika sauti za maneno. Mwaka 1989 Salamé na Baddeley wakawapa watu tarakimu za kukumbuka huku muziki ukipigwa: ule wa kuimbwa uliwavuruga kuliko wa ala tupu. Kauli ya mhusika unaisikia kichwani kabla hujaiandika, na mwimbaji anagombea kiti hichohicho. Kwenye mazungumzo weka ala tupu, au zima.

Ila mimi ninachokiogopa zaidi ni kingine. Muziki unakukopesha hisia ambazo ukurasa hauna. Unaandika "alikaa kitandani, akaikunja shuka", fidla inalia, na wewe machozi yanakulenga. Msomaji hana ile fidla. Anaona mtu na shuka, basi. Kwa hiyo tukio la huzuni nalisikilizia wimbo kwanza, bila kuandika, mpaka hali iniingie. Kisha navua hedifoni ndipo naandika. Kesho yake nalisoma kimya. Kama halinigusi tena, najua kilichokuwa kinaniliza ni fidla, na hapo ndipo kazi yenyewe inapoanza: alikuwa anakunja shuka ya nani? Kwa nini anaikunja saa hiyo?

Msimulizi77:
Mbona mwandishi wa riwaya Stephen King amesema huandika akisikiliza bendi za roki AC/DC na Metallica, tena kwa sauti ya juu? Zile zina maneno.

BintiRiwaya:
Ni kweli, na mwenyewe alieleza kwamba kwake ni namna ya kufunga mlango, dunia ibaki nje. Nadhani wimbo uliouzoea miaka mingi huusikilizi tena, unapita tu. Wimbo mpya ndio mbaya, maana sikio linataka kujua unaelekea wapi. Mwandishi wa Japani Haruki Murakami naye alikuwa na klabu ya jazi Tokyo kabla hajatoa riwaya yake ya kwanza mwaka 1979, na husema mdundo wa sentensi zake aliupata kwenye muziki. Kwa hiyo sisemi muziki ni adui, hata kidogo.

Kalamu, hiyo milango ya jirani ifunike kwa sauti ya mvua iliyorekodiwa au ya feni. Haina maneno wala kiitikio, na binti yako hataweza kuiga vina vyake.