Nihamishe hesabu za duka kwenye wingu au nibaki na laptopu?

Mkwakwani: Wakuu habari za jioni. Nina duka la vifaa vya ujenzi Ngamiani, Tanga. Mauzo, stoku, madeni ya mafundi, vyote vimo kwenye laptopu moja. Vumbi la saruji limeshaiingia, feni inavuma, inajizima. Kuna kijana anasema tuhamie kwenye wingu, tulipie kwa mwezi. Silali. Ni salama?

PwaniTech: Kuliko hiyo laptopu, ndiyo. Faili zinakaa kwenye seva, yaani kompyuta za kampuni ya huduma, unazifungua hata kwa simu. Laptopu ikifa, kazi inaendelea.

Mzee wa Pongwe: Na kebo ya intaneti ikikatika? Mei 2024 kebo za EASSy na Seacom zilikatika pamoja baharini, biashara zikasimama. Mimi na daftari langu hatuachani. Vijana mnapenda kukabidhi mali kwa msiowajua.

PwaniTech: Mzee, zipo programu zinazofanya kazi bila mtandao, ukirudi zinajisasisha. Mkwakwani, akaunti itafunguliwa kwa barua pepe ya nani?

Mkwakwani: Imeshafunguliwa. Ya kwake.

PwaniTech: Na nywila?

Mkwakwani: Anayo yeye. Ila ni mpwa wangu, anaswali safu ya mbele, na nimeshamlipa ya miezi sita.

Bi Chumbageni: Kaka, mie shemeji yangu alishika funguo za stoo. Mpaka leo hatusalimiani.

Makorora: Hii chai. Aliyekwishalipa haombi ushauri. Huyo mpwa ndiye anaandika, anatafuta wateja.

Mkwakwani: Wallahi si chai! Ningetangaza bila kutaja programu wala bei? Leo fundi wa marumaru kaja kulipa, laptopu imegoma kuwaka. Yeye anasema namdai elfu arobaini, mimi nakumbuka themanini. Kalipa arobaini kaondoka.

PwaniTech: Makorora, mimi namwamini. Mkwakwani, fungua barua pepe yako, akuhamishie umiliki wa akaunti, yeye abaki mtumiaji wa kawaida. Uthibitisho wa hatua mbili, yaani ile namba ya kuingilia inayoombwa baada ya nywila, uwe kwenye simu yako. Kampuni inalinda seva. Nani aingie ni juu yako. Na namba za wadaiwa wako ni taarifa binafsi, kuna sheria ya 2022. Zikivuja, ataulizwa mwenye duka.

Mkwakwani: Dada ataona namtuhumu mwanawe.

Mzee wa Pongwe: Anza na dada. Mweleze kabla ya kijana.

Makorora: Weka picha ya laptopu.

Mkwakwani: Nimeongea na dada, kijana anakuja kesho baada ya adhuhuri. Nakala ya flashi niitoe kabla au baada?

PwaniTech: Kabla. Usiku huu, ikikubali kuwaka.