Re: Land Rover ya marehemu baba, tuuze au tuiache?

Kutoka: mwanajumuiya, Leicester

Shikamooni wakubwa zangu, na wengine habari za kazi. Nyumbani kwetu ni Nyakato, Mwanza. Baba alitutoka mwaka jana na ameacha Land Rover 109 Series III ya kijani. Tangu alipoanza kuumwa haijawashwa, ipo uani tu. Mdogo wangu anasema kuna mtu wa Geita ana fedha taslimu na anataka jibu kabla ya mwisho wa mwezi. Mama akiulizwa anasema "mtakavyoona nyie". Mimi kila nikishika simu niseme iuzwe, naishia kuuliza habari za mvua. Waliowahi kuuza gari la nyumbani wakiwa huku Uingereza, mmekaaje na jambo hilo? Na taratibu zikoje?

Kutoka: dada yenu, Birmingham

Pole sana mdogo wangu. Mungu ampumzishe mzee.

Sisi tulikuwa na Peugeot 504 pikapu. Mzee aliiuza mwaka uliofuata baada ya mimi kuondoka, ili wadogo zangu walipiwe ada. Ada zililipwa, wadogo wamesoma, wana kazi na familia zao. Sijawahi kumlaumu, wala sidhani kulikuwa na njia nyingine. Lakini mpaka leo nikiona 504 mahali popote roho inashtuka.

Gari lile halikuwa la baba peke yake. Alfajiri lilishusha magunia ya dagaa Mwaloni, Kirumba, na mchana likabeba mchanga wa mtu anayejenga. Usiku mlango ukigongwa tulijua kuna mama mjamzito mtaani wa kupelekwa hospitali ya Bugando, na baba alikuwa akivaa viatu hata kabla ya kuuliza ni nani. Kioo cha upande wa abiria kilikuwa hakipandi mpaka ukibane kwa viganja viwili, kimoja ndani kimoja nje, ukivute taratibu, halafu mwenzako anachomeka kipande cha boksi kilichokunjwa ili kisishuke. Kile kipande kilikaa mpaka kikawa cheusi kwa mafuta ya mikono yetu. Mvua ikinyesha harufu ya dagaa inapanda kutoka kwenye bodi, na mama analalamika kuhusu nguo za kanisani. Watoto wa wadogo zangu nikiwasimulia hawana pa kuyashika maneno hayo, kwa sababu hatuna hata picha moja ya lile gari. Namba yake ya usajili hakuna anayeikumbuka. Aliyenunua alisema anatoka Bunda, basi. Hapo ndipo panaponiuma, kuliko kuuza kwenyewe.

Kwa hiyo kabla ya neno la bei, mwambie mdogo wako apige picha: nje, ndani, injini, kiti cha mzee, usukani ulivyochakaa pale mikono yake ilipokaa. Anakili namba ya usajili, ya chasisi na ya injini. Hapa Uingereza ukiwa na namba ya gari unaingia kwenye tovuti ya serikali, bila malipo, unaona lilikaguliwa lini na limetembea maili ngapi, hata kama uliliuza zamani. Nawajua watu wanaofuatilia magari yao ya ujana kwa njia hiyo. La nyumbani utalipataje kama hata namba huna?

Halafu mama. Usimuulize kwenye kundi la WhatsApp la ukoo. Mpigie yeye peke yake, jioni, akiwa ametulia. Mwanamke aliyekaa kiti cha kushoto miaka yote hiyo hawezi kukujibu mbele ya watu ishirini, na "mtakavyoona nyie" kwa wamama wa kwetu mara nyingi ni neno la kukwepa ugomvi wa watoto.

Ila kuiacha uani usikuhesabu kuwa ni kuitunza. Bodi ya Land Rover hizo ni ya aluminiamu, haili kutu, ndiyo maana ukiitazama kwa mbali unaona nzima. Chasisi ni chuma, na inaliwa kuanzia ndani. Pale aluminiamu inapokutana na chuma napo panaliwa. Petroli inaganda kwenye kabureta na mipira ya breki inang'ang'ania. Mpate fundi mnayemwamini, alale chini na nyundo ndogo, agonge chasisi yote, hasa nyuma. Chuma kizima kinalia. Kilichooza kinatoa sauti butu na vumbi linadondoka. Mkishajua hali yake ndiyo mzungumze na huyo wa Geita.

Wala asiwape bei ya chuma chakavu. Mimi naishi jirani na Solihull, zilikotengenezwa. Series III zilitoka kuanzia 1971 hadi 1985, na huku gari likishapita miaka 40 linaweza kusamehewa kodi ya barabara na ukaguzi wa kila mwaka. Watu wanazienzi.

Kutoka: mwanajumuiya, Reading (wa Sengerema)

Namuunga mkono dada, naongeza ya makaratasi. Kadi ya gari ina jina la marehemu, kwa hiyo mdogo wako hana mamlaka ya kuuza hata kama funguo anazo. Kaeni kikao cha familia, muandike muhtasari, mumteue msimamizi wa mirathi, na mahakama imthibitishe. Huyo ndiye atakayesaini mkataba wa mauzo na kuhamisha umiliki TRA, mamlaka ya mapato. Umiliki uhamishwe kwanza, gari litoke uani baadaye. Likiondoka na jina la mzee, faini za barabarani zitaendelea kusoma kwake, na kumtafuta mnunuzi aliyeko machimboni Geita ni kazi kubwa. Mnunuzi anayekataa kusubiri mahakama, mwacheni aende.

Kuna wanaosema uza tu, utanunua nyingine kama hiyo baadaye. Mimi nilijaribu. Corolla ya nyumbani iliuzwa, nikaja kununua ya umbo lile lile hapa, hata rangi nikaitafuta. Ilikuwa gari zuri. Lakini haikuwahi kukaa foleni ya kivuko cha Busisi tangu asubuhi, milango yote wazi, watoto wanakula mahindi ya kuchoma, na mama mkwe amelala kiti cha nyuma. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lilipofunguliwa mwaka 2025 watu wanavuka kwa dakika chache, na nafurahi, maana wagonjwa waliteseka pale. Corolla ya Reading niliiuza bila kugeuka nyuma.

Na kama mtu anawaza kununua Land Rover huku aipeleke Mwanza, apige hesabu za bandarini kwanza. Umri wa gari unaongeza ushuru juu ya ule wa kawaida na VAT.

Kutoka: mwanajumuiya, Leicester

Wabeja sana, dada na kaka. Nilimpigia mama jana usiku, tukazungumza zaidi ya saa nzima. Anataka iuzwe, anasema kuiona imesimama kila asubuhi kunamchosha. Sharti lake ni moja: isiende kwa mtu wa kuikata spea. Kuna mjomba Magu ana shamba na anaijua tangu ikiwa mpya, na mama angependa aulizwe yeye kwanza hata kama atalipa kidogo kidogo. Wa Geita tumemwambia asubiri. Mdogo wangu ameshatuma picha, na namba ya chasisi ninayo. Kikao ni Jumamosi, nitaingia kwa simu. Kaka wa Reading, nikikutumia rasimu ya muhtasari Ijumaa, utaweza kuipitia?